Kusoma Tabia Kabla ya Kuibadili: Mwongozo wa Istilahi na Mbinu za Uchambuzi Tumizi wa Tabia

Mzazi anaposema kwamba mtoto wake ni mkorofi, au mwalimu anapoandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi hana utulivu, wote wawili wametoa hukumu. Tabia yenyewe hawajaieleza. Uchambuzi tumizi wa tabia, yaani fani ya kuichunguza tabia ya mtu pamoja na kinachoitangulia na kinachoifuata ili kuibadili, unaanzia hapo. Unamtaka mlezi aiweke hukumu pembeni na aseme ni jambo gani limeonekana kwa macho au kusikika kwa masikio, limetokea wakati gani, na lilipotokea kulifuata nini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na walimu, hasa wanaoishi na watoto wenye usonji au ulemavu wa akili, ambao wamekwisha kuzisikia istilahi za fani hii kliniki au kwenye semina na wangependa kujua zinavyofanya kazi nyumbani na darasani.

Mizizi ya fani iko Marekani. Mwaka 1938 mwanasaikolojia B. F. Skinner alieleza, kutokana na majaribio yake ya panya, jinsi tabia inavyoongezeka au kupungua kwa sababu ya matokeo yanayoifuata. Miaka 30 baadaye, mwaka 1968, Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley wa Chuo Kikuu cha Kansas walieleza masharti ya kuitumia elimu hiyo katika maisha ya watu. Miongoni mwa masharti hayo ni kwamba mbinu ielezwe kwa ukamilifu kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuirudia, kwamba mabadiliko yawe makubwa ya kutosha kuleta nafuu ya kweli, na kwamba tabia inayoshughulikiwa iwe na maana kwa mhusika na jamii yake. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahauliwa upesi kuliko yote. Mtoto anayepunga mikono anapofurahi hamuumizi mtu. Kutumia miezi ya kazi ili aiweke mikono mapajani ni kumpendeza anayemtazama, ilhali mtoto huyo huyo hajui bado kuomba maji ya kunywa.

Kuifafanua tabia na kuipima

Hatua ya kwanza ni ufafanuzi unaopimika. Maneno kama hasira, ukaidi au uvivu hayafai, kwa kuwa watu wawili wakimtazama mtoto mmoja kila mmoja atayaelewa kivyake. Mahali pa kuandika kwamba mtoto ana hasira, mlezi aandike kwamba mtoto anajitupa chini, analia kwa sauti inayosikika chumba cha pili, na anapiga sakafu kwa mikono au miguu. Kisha aongeze mwanzo na mwisho wake, kwa mfano kwamba tukio linahesabika limekwisha pale kilio kinapokoma kwa dakika moja kamili. Ogden Lindsley, mmoja wa wanafunzi wa Skinner, alipendekeza kipimo chepesi cha kukagua ufafanuzi kama huo: ikiwa maiti anaweza kulifanya jambo hilo, basi hilo si tabia. Maiti anaweza kutokupiga kelele darasani na kutokusimama bila ruhusa. Kwa hiyo lengo la kwamba mwanafunzi asipige kelele ni lengo bovu. Lengo lililo hai ni kwamba anyooshe mkono anapotaka kusema, au amalize zoezi alilopewa.

Baada ya ufafanuzi hufuata kipimo, na kipimo kinachofaa hutegemea sura ya tabia. Yapo mambo yanayohesabika, kama mara ambazo mtoto amemng'ata mwenziwe. Yapo mengine ambayo hesabu yake haisemi kitu: mtoto anayelia mara 2 kwa siku, kila mara kwa dakika 40, ana shida kubwa kuliko anayelia mara 6 kwa dakika moja moja, na hapo kinachopimwa ni muda wa tukio. Mara nyingine kinachosumbua ni ucheleweshaji, yaani muda unaopita kati ya agizo na kitendo, na hapo saa inaanza kuhesabiwa agizo linapotolewa. Mama mwenye kazi nyingi anaweza kuweka punje za maharagwe mfuko wa kulia na kuhamisha punje moja kwenda kushoto kila tabia inapotokea, kisha akazihesabu jioni. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kumkodolea macho mwanafunzi mmoja siku nzima. Atumie sampuli ya wakati, yaani kila baada ya dakika 10 ainue macho mara moja na kuandika ndiyo au hapana, kadiri mwanafunzi anavyoonekana nukta ile ile.

Vipimo vichukuliwe kwa siku kadhaa kabla ya kubadilisha chochote. Rekodi hiyo ya awali huitwa hali msingi, na bila hiyo hakuna atakayejua baadaye kama mbinu imesaidia au siku zimepita tu. Ni vizuri pia watu wawili wahesabu kwa pamoja mara moja moja bila kuoneshana. Mmoja akipata matukio 8 na mwingine 10, hugawanywa idadi ndogo kwa kubwa na kupatikana makubaliano ya asilimia 80, kiwango ambacho wataalamu kwa kawaida hukitaka kama cha chini. Wakipishana zaidi ya hapo, ufafanuzi ndio wenye kasoro, mtoto hajabadilika.

Kitangulizi, tabia na tokeo

Moyo wa fani yote ni jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza ni kitangulizi, yaani kilichokuwapo au kilichotokea punde kabla ya tabia: nani alikuwepo, agizo gani lilitolewa, kitu gani kiliondolewa, ilikuwa saa ngapi. Safu ya pili ni tabia yenyewe kwa maneno ya ufafanuzi uliokwisha kuandikwa. Ya tatu ni tokeo, yaani kilichofuata mara moja, na hapa mlezi ajiandike na yeye mwenyewe, kwa sababu alichosema na alichofanya ni sehemu ya habari. Daftari la kawaida linatosha.

Matukio yakifikia idadi ya kutosha, mkondo huanza kuonekana. Chukua mfano wa mwanafunzi anayechana daftari wakati wa hisabati. Kitangulizi ni karibu kila mara zoezi jipya ubaoni. Tabia ni kuchana karatasi. Tokeo ni kutolewa nje ya darasa. Mwalimu anaamini amemwadhibu, lakini jedwali linasema kwamba kwa kuchana karatasi mwanafunzi ameikwepa hisabati, na juma linalofuata anachana zaidi. Likisomwa vizuri, jedwali hilo linamweleza mwalimu pia: alipomtoa nje alipata utulivu darasani, na utulivu huo ndio unaomfanya amtoe tena kesho. Tabia za watu wawili zinalishana, na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Kutokana na mikondo ya namna hii, wataalamu hutaja dhima nne ambazo tabia huweza kuzitimiza. Ya kwanza ni kupata usikivu wa watu, uwe wa upole au wa ukali. Ya pili ni kupata kitu au shughuli inayotakiwa. Ya tatu ni kukwepa au kuahirisha jambo lisilopendeza, kama kazi ngumu, kelele au umati. Ya nne haihitaji mtu mwingine kabisa, kwani tabia yenyewe huleta hisia inayotafutwa au huondoa inayokera, kama vile mtoto anayejibembea peke yake au anayesugua sikio linalouma. Brian Iwata na wenzake, katika utafiti walioutoa mwaka 1982 kuhusu watoto waliokuwa wakijidhuru, walipanga hali mbalimbali kwa makusudi, mojawapo ikiwa ya kupewa usikivu, nyingine ya kupewa kazi na nyingine ya kuachwa peke yake, ili waone tabia inapanda katika hali ipi. Walikuta kwamba kitendo kinachofanana kwa macho kinaweza kuwa na dhima tofauti kwa watoto tofauti. Jaribio la aina hiyo hufanywa na mtaalamu aliyefunzwa na lisijaribiwe nyumbani. Mlezi atosheke na jedwali.

Ningependa msomaji akae kidogo kwenye hoja hii ya dhima, kwa kuwa makosa mengi ninayoyaona hutokana na kuiruka. Tunauliza dawa ya kupiga kelele ni nini, dawa ya kung'ata ni nini, kana kwamba sura ya tabia ndiyo inayochagua mbinu. Mtoto anayepiga kelele dukani ili anunuliwe biskuti na yule anayepiga kelele dukani ili atolewe kwenye zogo na taa kali wanasikika vilevile, lakini ukimtoa nje wa kwanza umemnyima anachokitafuta, na ukimtoa wa pili umempa.

Kabla ya kulisoma jedwali kama suala la mafunzo, maumivu yaondolewe kwanza katika orodha ya sababu. Mtoto asiyeweza kusema anaweza kuanza kujipiga kichwa kwa ajili ya jino bovu, sikio lenye usaha, choo kigumu au minyoo. Tabia iliyoibuka ghafla, au inayokuja kwa vipindi bila kufuata kitangulizi chochote kinachoeleweka, ni sababu ya kumpeleka mtoto kwa daktari.

Uimarishaji na jinsi unavyoeleweka vibaya

Uimarishaji ni tukio lolote linalofuata tabia na kuifanya itokee zaidi siku za mbele. Ufafanuzi huo hautazami nia ya mtoaji. Pipi ambayo haiongezi tabia si kiimarishi, na ukali wa mama unaoiongeza ni kiimarishi hata kama mama alikusudia kukomesha. Uimarishaji chanya ni pale kitu kinapoongezwa, kama sifa, mchezo au chakula. Uimarishaji hasi ni pale kitu kinapoondolewa, kama mzazi anayempa mtoto simu ili kilio kikome, na kilio kikakoma kweli. Katika tukio hilo moja mtoto ameimarishwa kwa chanya, kwa kuwa amepata simu, na mzazi ameimarishwa kwa hasi, kwa kuwa ameondokewa na kelele. Uimarishaji hasi kwa hiyo si adhabu, ingawa hata wenye shahada huchanganya mambo haya mawili. Adhabu, katika lugha ya fani, ni tokeo linaloipunguza tabia.

Kiimarishi kichaguliwe kwa kumtazama mhusika mwenyewe. Njia rahisi ni kuweka mbele ya mtoto vitu viwili viwili na kuandika alichokichukua, mpaka kila kitu kiwe kimeshindanishwa na kila kingine; vitu 5 hutoa jozi 10, na kilichochaguliwa mara nyingi zaidi ndicho cha kuanzia. Zoezi hilo lirudiwe kila baada ya muda, kwani mapenzi ya watoto hubadilika. Hata siku hiyo hiyo thamani ya kitu hupanda na kushuka: mtoto aliyetoka kula ndizi tatu hatafanya kazi ili apate ndizi, ilhali aliyekaa kutwa bila kuuona mpira wake ataufanyia mengi. Ndiyo maana kitu kilichochaguliwa kwa mafunzo kisiwe kinapatikana bure saa zote.

Tokeo lifuate tabia mara moja, ndani ya sekunde chache mwanzoni. Ahadi ya zawadi ya Jumamosi haimfundishi mtoto mdogo kitu Jumanne. Sifa nayo itaje kitendo: badala ya kusema vizuri, mwalimu aseme umenyoosha mkono kabla ya kusema, vizuri sana. Wengi huuliza kama huku si kumhonga mtoto. Hongo hutolewa tabia mbaya ikiwa imekwisha kuanza, ili ikome. Kiimarishi hutolewa baada ya tabia njema kufanyika, kwa utaratibu uliojulikana tangu mwanzo. Mama anayemtolea mtoto biskuti akiwa tayari amelala sakafuni ananunua ukimya, na kesho bei itapanda.

Mwanasaikolojia David Premack alionesha mwaka 1959 kwamba shughuli ambayo mtu huipenda na kuifanya mara nyingi inaweza kuimarisha ile asiyoipenda. Walezi wetu wanaijua kanuni hii bila kitabu: maliza hesabu, halafu ukacheze mpira. Kinachoharibu ni kugeuza mpangilio, yaani kumruhusu acheze kwanza kwa ahadi kwamba atafanya hesabu baadaye.

Idadi ya mara ambazo tabia huimarishwa ina uzito wake. Stadi mpya huimarishwa kila inapotokea, na ikishashika, uimarishaji hupunguzwa uwe wa mara moja moja, kwa sababu tabia iliyozoea kuimarishwa kwa vipindi hudumu zaidi. Charles Ferster na Skinner waliichunguza mipangilio hii kwa kina katika kazi waliyoichapisha mwaka 1957, na ndiyo inayomweka mtu mbele ya mashine ya kamari usiku kucha. Lakini kanuni haichagui upande. Baba anayekataa mara tisa kumpa mtoto simu na kukubali mara ya kumi, akiwa amechoka, amemfundisha mtoto kuomba mara kumi.

Kupunguza tabia inayodhuru

Mara dhima ikijulikana, swali si tena jinsi ya kuikomesha tabia. Ni jinsi ya kumpa mtoto njia nyingine ya kupata kile kile. Edward Carr na Mark Durand walionesha mwaka 1985 kwamba watoto waliofundishwa kuomba msaada au kuomba usikivu kwa maneno mafupi walipunguza fujo zao, mradi ombi walilofundishwa lililingana na dhima ya fujo hiyo. Kwa maoni yangu, mbinu hii ya mawasiliano mbadala ndiyo mlezi anayopaswa kuijaribu kabla ya nyingine zote. Yule mwanafunzi anayechana daftari afundishwe kuinua kadi ya kuomba mapumziko au msaada, na akiinua apewe papo hapo, hata ikiwa mwanzoni ataiinua mara nyingi kuliko mwalimu anavyopenda. Njia mpya ni lazima iwe nyepesi na ya haraka kuliko ya zamani. Ikiwa kuomba kwa adabu kunachukua dakika tano na kuchana karatasi kunachukua sekunde mbili, karatasi zitaendelea kuchanwa. Baadaye, kadi ikishazoeleka, muda wa kusubiri huongezwa kidogo kidogo, na kazi yenyewe hupimwa upya, kwani huenda ni ngumu kupita uwezo wake.

Uimarishaji wa kutofautisha ni familia ya mbinu zinazofuata wazo hilo hilo. Mlezi anaweza kuimarisha tabia mbadala kama ile kadi, au tabia isiyoweza kwenda pamoja na ile mbaya, kama kushika kikapu kwa mikono miwili kwa mtoto anayenyakua vitu sokoni, au anaweza kuimarisha kila kipindi kilichopita bila tabia hiyo kutokea. Kipindi cha mwanzo kiwe kifupi kuliko wastani wa muda unaopita kati ya tukio na tukio katika hali msingi, la sivyo mtoto hatafanikiwa hata mara moja.

Uzimishaji ni kuacha kutoa kile kiimarishi kilichokuwa kikiilea tabia. Watu huutafsiri kuwa ni kupuuza, na hapo wanakosea, kwa kuwa kupuuza kunazima tabia ile tu inayolelewa na usikivu. Ukimpuuza mtoto anayejirusha chini ili asioge, na kweli hakuoga, hukuzima kitu. Uzimishaji una sifa moja ambayo kila mlezi aijue kabla hajaanza: tabia inaweza kupanda kwanza kabla ya kushuka. Kilio kinaweza kurefuka, sauti ikakua, na mtoto anaweza kujaribu kitu kipya kama kutupa vyombo. Mlezi atakayekubali katika kilele hicho ameimarisha sura mbaya zaidi ya tabia, na ingekuwa afadhali asingeanza kabisa. Hata baada ya kuzimika, tabia inaweza kuibuka tena siku moja bila sababu ya wazi, na siku hiyo ijibiwe vilevile. Kwa tabia za kujiumiza au kuumiza wengine, mbinu hii isitumike bila usimamizi wa mtaalamu, na isitumike peke yake mahali popote.

Kuhusu adhabu nitasema machache. Inaweza kushusha tabia upesi, na wepesi huo ndio mtego wake, kwani humwimarisha mtoaji. Haimfundishi mtoto afanye nini, huzaa woga na hila, na mtoto hujifunza kumkwepa anayemwadhibu. Fimbo haina nafasi katika mpango wowote ninaouelewa.

Kufundisha stadi mpya

Stadi ndefu huvunjwa kwanza vipande vidogo, kazi inayoitwa mchanganuo wa stadi. Kunawa mikono kwenye ndoo yenye koki, kwa mfano, ni kufungua koki, kulowanisha mikono, kufunga koki, kuchukua sabuni, kusugua viganja, kusugua migongo ya mikono, kusugua kati ya vidole, kurudisha sabuni, kufungua koki tena, kusuuza, kufunga na kujifuta. Mchanganuo mzuri hupatikana kwa mlezi kuifanya kazi hiyo mwenyewe huku akiandika. Ukiandikwa kutoka kichwani, hatua kama ya kufunga koki husahaulika, na ndoo hubaki tupu.

Hatua zikishaandikwa huunganishwa kuwa mnyororo. Katika mnyororo wa mbele mtoto hufundishwa hatua ya kwanza hadi aiweze, kisha ya pili huongezwa. Katika mnyororo wa nyuma mlezi hufanya au husaidia hatua zote isipokuwa ya mwisho, ambayo mtoto huimaliza mwenyewe; akiiweza, huachiwa mbili za mwisho, na kuendelea kurudi nyuma. Kwa mambo ya kujihudumia, kama kunawa, kuvaa suruali au kufunga viatu, naupendelea mnyororo wa nyuma, kwa sababu mtoto humaliza kazi kila mara na anachokipata mwishoni ni kitu halisi: mikono imekauka, chakula kiko mezani.

Msaada unaotolewa ili mtoto apatie huitwa kidokezo. Kinaweza kuwa cha kushika mkono wake, cha kumwonesha kwa kufanya, cha kuelekeza kwa kidole, cha picha, au cha maneno. Maneno ndiyo rahisi kuyatoa na ndiyo magumu kuyaondoa. Watoto wengi hufikia kunawa vizuri sana mradi mtu asimame nyuma yao akitaja kila hatua. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mlezi awe na mpango wa kukififisha kidokezo. Kwa stadi mpya kabisa aanze na msaada mkubwa na kuupunguza, mkono ukihama kutoka kiganjani kwenda kifundoni, kisha kwenye kiwiko, kisha mbali. Kwa stadi ambayo mtoto anaijua nusunusu, aanze na msaada mdogo na kuuongeza pale tu inapobidi. Njia ya tatu ni ya kuchelewesha: mwanzoni kidokezo hutolewa pamoja na agizo, na baadaye mlezi husubiri sekunde 3 hadi 5 ili mtoto apate nafasi ya kutangulia. Sekunde hizo ni ndefu kuliko zinavyosikika, na walezi wengi hushindwa kuzisubiri.

Pale stadi isipoweza kuvunjwa kwa hatua, kama utamkaji wa neno, tabia huundwa kwa kuimarisha kila sura inayokaribia lengo. Mtoto anayetoa sauti ya m anapoona kikombe hupewa maji; sauti hiyo ikishazoeleka, maji hutolewa kwa ma, na ile m peke yake haitoshi tena, hadi afikie maji. Ukipandisha kiwango mapema mno mtoto hukata tamaa. Ukichelewa mno hukwama hapo alipo.

Mafunzo yenyewe hupangwa kwa namna mbili kuu. Katika mafunzo ya zoezi mojamoja, mwalimu na mtoto huketi pamoja, agizo fupi hutolewa, mtoto hujibu, tokeo hufuata, hupita kitambo kidogo, kisha zoezi jingine huanza. Yanafaa kwa mambo yanayohitaji kurudiwa mara nyingi, kama kutofautisha rangi au majina ya vitu, ila huchosha na mtoto anaweza kuyajua mambo pale mezani tu. Mafunzo katika mazingira halisi huvizia nafasi zinazojitokeza zenyewe: mlango umefungwa na mtoto anataka kutoka, na hapo ndipo hufundishwa kusema fungua. Mwalimu wa darasa anaweza pia kutumia mfumo wa tokeni, ambao Teodoro Ayllon na Nathan Azrin waliueleza mwaka 1968 kutokana na kazi yao katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Illinois. Vifuniko vya soda vinatosha: kila tabia iliyokubaliwa hupata kifuniko, na idadi fulani hubadilishwa kwa shughuli inayopendwa. Siku za mwanzo vifuniko viwili vitoshe kwa mabadilishano, ili mtoto auone uhusiano. Kifuniko kilichokwisha kupatikana kwa haki sipendi kukiona kikinyang'anywa kwa kosa jingine. Mfumo ukifikia hapo umegeuka kuwa mfumo wa faini.

Stadi haihesabiki kuwa imepatikana mpaka ifanyike na mtu mwingine, mahali pengine na kwa vitu vingine. Mtoto anayenawa kwa koki ya shuleni huenda akaduwaa mbele ya kata na beseni nyumbani kwa bibi. Kuenea huko hakuji kwenyewe. Hupangwa tangu mapema kwa kubadilisha walimu, maneno ya agizo na vifaa, na kwa kuchagua stadi ambazo maisha yenyewe yataziimarisha baada ya mlezi kujiondoa.

Kumchagua mtaalamu

Sifa kubwa ya fani hii, na sehemu kubwa ya ugomvi wake, ilitokana na mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Los Angeles, aliyeripoti mwaka 1987 kwamba watoto 9 kati ya 19 wenye usonji waliopewa mafunzo ya takriban saa 40 kwa wiki walifikia kiwango cha kawaida cha akili na masomo. Watoto hao hawakugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu, na mbinu zake za wakati huo zilijumuisha ukali na kofi la pajani. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya tafiti 5 zenye watoto 219 na kukuta kwamba mafunzo ya mapema ya aina hii yanaweza kuleta maendeleo, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Watu wazima wenye usonji nao wameandika kwa uchungu juu ya kufundishwa kuuficha usonji wao na kutokusikilizwa waliposema hapana. Malalamiko yao ni ya haki, na mtaalamu wa leo anayeyapuuza hafai. Mtoto anayegeuza uso, anayeondoka kitini au anayelia kila anapouona mlango wa kliniki ametoa jibu, hata kama hana maneno, na jibu hilo liingie kwenye daftari kama data nyingine yoyote.

Bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya kimataifa vya wachambuzi wa tabia imeacha, tangu mwaka 2023, kupokea maombi mapya kutoka nchi nyingi za dunia, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki. Kwa hiyo cheti peke yake hakimsaidii sana mzazi wa hapa kuchagua. Aulize anayetaka kumhudumia mtoto wake: tabia hii umeifafanuaje, unadhani ina dhima gani na umeijuaje, mtoto atafundishwa kufanya nini mahali pake, na utaacha lini mbinu hii ikiwa haifanyi kazi. Aombe kuoneshwa grafu za mtoto wake mwenyewe, zenye hali msingi upande wa kushoto na mstari unaoonesha siku mbinu ilipoanza. Na aombe kukaa chumbani wakati wa mafunzo. Akiambiwa kwamba wazazi hawaruhusiwi kuona, ampeleke mtoto mahali pengine.